Chuma cha Mzee Lukasi

Siyo mwizi, Lightness. Weka hilo fagio chini, mwache aende naye huyo kuku. Ndiyo, nimemwona. Kasimamisha baiskeli, kamkamata tetea wangu mwekundu, kanitazama usoni, kaniambia, "Mtumwa wangu, leo nimepitia changu," na mimi nikacheka. Sasa unauliza kwa nini nacheka. Wewe umekulia Morogoro mjini, huko mtu akikuchukulia kuku unaita polisi. Yule ni mzee Seni, na kuku wangu ni haki yake. Keti hapo nikueleze, ila ujue babu yako akianza hafiki haraka.

Unajua Jumapili ya mwisho wa mwezi mara nyingi huwa siko hapa Kisanga. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa anasema naenda kunywa. Siendi kunywa. Tunakutana wazee wachache kuzungumza mambo ya zamani. Mwezi mmoja Kilosa kwa Ditram, mwezi mmoja Mikumi kwa Marciana, mwezi mmoja hapa kwangu. Watoto wa Marciana wanatuita kamati ya marehemu, kwa sababu hatumsemi mtu aliye hai.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini mambo ya zamani nayapenda kuliko chakula. Na nimeona kitu kimoja: kila mtu ana zamani yake. Hatupendi zamani yote kwa pamoja. Ditram yeye ni reli tu. Alikuwa kwenye genge la njia, miaka thelathini anagonga mataruma, na mpaka leo anaweza kukuambia daraja gani lilichukuliwa na mto Mkondoa mwaka gani. Ukimtajia hii treni mpya ya umeme anasema hiyo bado haina historia, hiyo mtoto mchanga, tusubiri iote meno. Marciana yeye ni misafara. Ile ya watu kutembea kwa miguu kutoka bara mpaka pwani na mizigo kichwani. Kwa nini misafara? Kwa sababu alipikia madereva wa malori pale Mikumi tangu barabara ile ya Zambia inajengwa, na mpaka leo swali lake ni moja: wale wapagazi walikula nini? Wafalme hawataki, vita havitaki. Anataka kujua nani alikuwa anapika, na mvua ikinyesha sufuria ilifunikwa na nini.

Na mimi zamani yangu ni vita. Ile ya Wajerumani na Waingereza, ya mwaka elfu moja mia tisa kumi na sita, ilipopita hapa Kilosa. Nimejiuliza sana, mtu anachaguaje? Nadhani hachagui. Unaikuta nyumbani, imetundikwa ukutani. Kwangu mimi ilikuwa imetundikwa kweli, kwenye ule msumari wa chumbani.

Baba yangu, mzee Lukasi, alinizaa akiwa mtu mzima sana. Mimi ni kitinda mimba wa mke wake wa tatu. Alipokuwa kijana, hata ndevu bado, alikamatwa kubeba mizigo ya Waingereza kwenda kusini, huko walikokuwa wanawafukuza Wajerumani. Waliondoka wengi, walirudi wachache. Yeye alirudi na kipande cha chuma. Kipana kama kiganja changu na vidole vikinyooka, upande mmoja kimevunjika, katikati kina mfupa umeinuka kama ule wa jani. Nyuma kina mkia, na mkia ule aliufunga ngozi ya ng'ombe, ikakauka ikawa kama mti. Alikitundika ukutani. Akasema maneno mawili tu: "Nimekitoa vitani. Kisiuzwe, kisitumike."

Basi. Hakuongeza. Wewe unanifahamu mimi kwa kusema, baba alikuwa kinyume. Nilipokuwa na miaka saba hivi nilimuuliza, "Baba, hiki ni cha mzinga?" Akanitazama, akavuta pumzi, akasema, "Hm."

Mimi na ile "hm" nikajenga nyumba. Nikawaambia wenzangu shuleni ni kipande cha mzinga wa Mjerumani. Baba akafa, nikaendelea. Mwaka huu naongeza kilima, mwaka ujao naongeza moshi. Ilipofika kamati ya marehemu, mzinga ule ulikuwa umepasuka mbele ya macho ya baba, umeua farasi wanne na Mzungu mmoja, na baba kakiokota kile chuma kikiwa bado cha moto, na ngozi ile kaifunga ili asiungue. Nilikuwa nasimulia vizuri mpaka Ditram, ambaye hasifii kitu kisichopita juu ya reli, alikuwa anatingisha kichwa.

Sasa kukatokea mwalimu Elineema. Huyu anafundisha sekondari, Mpare, kijana mwenye adabu sana. Akasikia habari zetu, akaja na wazo: shuleni kwao wametenga chumba, wanataka kuweka vitu vya kale vya wilaya hii. Kila mzee atoe kitu kimoja, kiwe na karatasi yake, imeandikwa ni nini, kimetoka wapi, cha nani. Akaniambia, "Babu, chuma chako kitakaa mlangoni kabisa, cha kwanza." Lightness, usiku ule sikulala kwa furaha. Jina la baba yangu, mpagazi asiyejua hata kusoma, liandikwe mlangoni, watoto wasome.

Siku ya kuandika ilikuwa kwa Marciana, Mikumi. Nikakivisha chuma kitenge cha bibi yako, nikapanda basi, nimekipakata kama mtoto.

Kwa Marciana kuna sheria moja. Hakuna anayekula kabla vitu havijasemwa. Aliiweka mwenyewe baada ya mwezi fulani kutupa wali na nyama kwanza, mimi na Ditram tukalala wote wawili mpaka jioni, zamani haikuzungumzwa. Kwa hiyo unafika, unasikia harufu ya kuku, unakaa mkekani na njaa yako, unasema. Siku ile sufuria la kuku lilikuwa jikoni nje, na juu ya mfuniko kaweka jiwe, kwa sababu nyani wa Mikumi wanajua kufunua.

Nikakuta watu wanne. Marciana, Ditram, mwalimu na daftari lake, na mzee mmoja mgeni, mrefu, amevaa koti kwenye jua lile. Akainuka. "Shikamoo."

"Marahaba," nikamwambia. Mdogo wangu kwa miaka kama kumi na tano hivi.

Marciana akasema, "Huyu ni Seni. Ananiletea maziwa. Katoka Bariadi na ng'ombe wake, sasa anakaa huko bondeni. Anapenda mambo ya zamani kama sisi."

Ditram akawa anatazama pembeni. Akasema, "Zamani ya wapi? Sisi hapa tunasema ya Kilosa. Huyu kaja juzi na ng'ombe."

"Siyo juzi," Seni akasema polepole. "Mwaka wa kumi na mbili huu."

"Mimi nina viatu vya miaka kumi na mbili."

"Naviona," Seni akasema, na Marciana akacheka mpaka akashika ukuta. Ditram hakucheka. Unajua mwenyewe mambo ya wakulima na wafugaji huku kwetu, mahindi yakiliwa, mtu hasahau. Ditram shamba lake liliwahi kuliwa. Siyo na ng'ombe wa Seni, lakini ng'ombe ni ng'ombe.

Tukaweka vitu mkekani. Ditram kaweka msumari mkubwa wa reli, kausafisha unang'aa. Kausemea nusu saa nzima, mwalimu anaandika. Marciana kaweka shanga tatu za bluu alizookota kwenye njia ya zamani baada ya mvua. Hakuzisemea sana, aliuliza maswali tu, kama kawaida yake. Kisha ikawa zamu yangu. Nikafunua kitenge, nikaanza. Kilima, moshi, farasi wanne. Mwalimu akaandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa: KIPANDE CHA MZINGA.

Seni akaniambia, "Mzee Casmir, naomba nikishike."

Nikampa. Akakipakata. Akapitisha dole gumba kwenye ule mfupa wa katikati, akashuka nao taratibu mpaka kwenye ngozi, akarudi. Akakinusa. Akakiweka juu ya goti, akakigeuza na kukigeuza, mpaka nikafikiri ameona kina thamani anataka kukinunua.

Akasema, "Hiki siyo cha mzinga."

"Ni nini?"

"Ni jembe. Upande huu limevunjika ndiyo maana huoni umbo. Lilikuwa kama moyo. Bibi yangu alikuwa nalo moja, analiweka uvunguni, halilimiwi. Haya zamani yalitolewa mahari kwetu. Kijana anahangaika anapata majembe yake, ndiyo anakwenda kuoa."

Ditram akaachia kicheko kile cha kwake cha kwenye stesheni. "Kwa hiyo mzee Lukasi alikuwa vitani analima?"

Mimi sikucheka. Nikamwambia Seni, "Wewe unasema kwa kukisia."

"Kweli nakisia. Lakini jembe la namna hii mkia wake ni mwembamba, umechongoka kama mkia wa panya, na mwishoni wanaupinda kidogo, ili ukipenya kwenye mpini usichomoke. Fungua ngozi. Ukikuta tofauti, nakupa ndama."

Ngozi ile haijafunguliwa tangu baba aifunge. Nikawatazama. Mwalimu kasimamisha kalamu. Moyoni nilikuwa nauliza kitu kimoja: nikiifungua na ikawa hivyo, baba yangu alikuwa nani? Maana mimi alichoniachia ni shamba la eka mbili na neno lile, nimekitoa vitani. Shamba mto umekula nusu. Lilikuwa limebaki neno.

Ningeweza kukataa. Marciana alinipa hata njia, akasema, "Usifungue kama hutaki, Casmir. Kuku ameiva." Lakini, mjukuu wangu, mtu uliyekaa na swali miaka sabini, ukaletewa jibu mpaka mkekani, utalifukuza? Nilitaka kujua. Nikasema, "Niletee kisu."

Ngozi ilikataa kwanza, kisha ikapasuka vipandevipande, ikatoa vumbi jekundu mapajani mwangu. Mkia ukatoka. Mwembamba, umechongoka, na mwishoni umepinda kama kidole kinachoita mtu.

Nje nyani mmoja akarukia bati, Marciana hakugeuka.

Nikamwambia mwalimu, "Futa. Usiweke mlangoni. Wala usiliandike jina la baba." Nikaanza kukikunja kile kitenge. Nikawa nakunja vibaya, nakunjua, nakunja tena.

Seni akaniuliza, "Mzee, wewe kabila gani?"

"Msagara."

"Baba yako pia?"

"Baba na mama."

"Kumbe wewe ni mtani wangu," akasema, "na umeniacha nakusalimia kwa heshima yote hii." Kisha akaacha mzaha. "Sikiliza. Watu wetu walipita hapa kwenu miaka na miaka, na mizigo. Huyu mama si ndiyo anayoyapenda. Hapo ndipo utani ulipotoka, babu alikuwa anatuambia. Ugeni wa njiani. Mtu wa kwetu akifa safarini, ndugu zake wako mwezi mzima nyuma, nani atamzika? Mtani. Na mtani akizika anachukua kitu cha marehemu. Haombi, haulizwi. Sasa vita ile watu wa kwetu pia walibebeshwa mizigo, wengi. Nauliza tu, mzee Lukasi hakuwahi kusema alimzika mtu?"

Nikasema hapana, baba hakuwahi kusema chochote. Halafu nikakumbuka kulikuwa na kitu.

Unajua kwenye misiba ya zamani watani ndio wanaochimba kaburi, wanafanya vituko, wanaingia kaburini wanadai hawatoki, watu wanalia na kucheka. Baba, msiba wa watani ukitokea, alikuwa anakwenda, anakaa kando kabisa. Wakimwita, "Lukasi, njoo na wewe ufanye utani," anawajibu jibu moja, nimelisikia mara ngapi sijui: "Mimi kazi ya utani nilishaifanya, mbali huko, na sikucheka."

Mimi siku zote nilidhani anakwepa kushika sepetu.

Nikawaambia. Nikalirudia neno lile kama alivyokuwa analisema, na sauti yake. Marciana akashika mdomo. Seni akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Akasema, "Basi alikuwepo kijana wa kwetu hajaoa bado, ana jembe lake la mahari. Labda alikuwa analibeba akidhani atarudi nalo. Labda waliligeuza la kuchimbia. Labda lilivunjikia kwenye kaburi lenyewe. Hatujui."

"Hatujui," nikamwambia.

"Lakini baba yako alikwambia kitu cha uongo?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Nikamgeukia mwalimu, nikasema mbele ya wote, na nikwambie ukweli, nilipata kazi kulisema: "Mzee Lukasi alisema amekitoa vitani. Hilo tu. Mzinga ni wangu mimi. Na kilima ni changu, na moshi ni wangu."

"Na farasi?" Ditram akauliza.

"Wote wanne."

"Mimi wale farasi niliwapenda," Ditram akasema, na ndiyo tukacheka, tukacheka mpaka mwalimu akafuta miwani.

Kisha ikaanza vurugu nyingine. Mwalimu anataka kuandika, Marciana anasema kitu hiki sasa ni cha misafara, cha upande wake, kwa sababu utani umetoka kwenye misafara. Mimi nasema ni cha vita. Seni anasema ni cha Usukuma. Ditram kakaa anafikiri, akasema, "Na huyo kijana alifika vipi Kilosa mpaka akakutana na Lukasi? Mnajuaje kama hakupita kwenye reli? Andika na reli." Marciana akamwambia reli yake itapita hata mbinguni.

Mwishowe mwalimu akatusomea alichoandika, nimekishika kichwani: "Jembe la kutoka nchi ya ziwa. Lilikuja na Lukasi, mpagazi, kutoka vitani. Mwenye jembe hatumjui jina." Nikamwambia hapo hapo, usiongeze hata nukta. Akaniuliza kama bado nataka likae mlangoni. Nikasema hilo siyo langu kulijibu. Nikalichukua, nikamsogezea Seni kwa mikono miwili. "Mtu wenu huyu. Likitakiwa kurudi, lirudi."

Akakataa. Akakunja mikono nyuma kabisa kama mtoto. "Kitu cha msibani hakirudishwi, unataka kuniletea balaa? Liwekeni mlangoni. Ila mtani," akaniangalia, na hapo macho yake yalikuwa yameanza kucheka, "mmekaa na jembe letu miaka mia na zaidi. Kuanzia leo nikipita kwako nachukua ninachotaka, na wewe mtumwa wangu utacheka."

"Nitacheka," nikasema.

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

Ndiyo umeona leo, Lightness. Na mimi juzi nilikwenda kwake nikavaa lile koti lake, nikaondoka nalo. Liko kwenye ule msumari chumbani, utaliona. Atalifuata, na atakuja na maneno.

Basi siku ile Marciana akaenda jikoni akarudi amekasirika. Kuku amekauka kwa kusubiri, ugali umepoa, umefanya ngozi juu kama ile ya mkia wa jembe. Akasema hii ndiyo zamani yenu, haiivi, inaunguza tu. Lakini akaleta. Akaleta na maji ya kunawa, akaanza na mimi, halafu Ditram, halafu akafika kwa Seni, na Seni alikuwa bado amekaa pembeni kwenye kigoda, nje ya mkeka, vile alivyokuwa amekaa tangu asubuhi.

Ditram alimwona. Akakohoa. Akauchukua ule msumari wake wa reli uliokuwa umejaza nafasi mbele yake, akautia mfukoni, akasogea mpaka bega lake likagusa langu. Hakusema karibu. Alipiga mkeka mara mbili na kiganja, kama anavyopigwa ng'ombe mgongoni. Seni akashuka kwenye kigoda, akaketi.

Marciana akafunua bakuli. Firigisi akaniwekea mimi, ndiye mkubwa wao. Sikuwahi hata kuigusa. Mkono mrefu ulipita mbele ya Ditram, ukaichukua, ukaitia mdomoni, na mzee Seni akatafuna ananitazama, anasubiri nicheke. Nikacheka. Tukanyoosha mikono wote, tukala.